Kitabu cha Karatasi, Kitabu cha Simu: Hesabu ya Bei katika Nchi ya Chai

Mkulima mdogo wa Konoin au Bureti anayepeleka majani ya chai kwenye kituo cha shirika la KTDA hulipwa shilingi ishirini na kitu kwa kila kilo, mwezi baada ya mwezi, kisha husubiri bonasi ya Oktoba. Kwa hesabu hiyo, kitabu cha shilingi 600 katika duka la Litein ni kilo 25 hadi 30 za majani mabichi, yaani kazi ya kutwa nzima kwa mchumaji mwenye mkono mwepesi, na hapo bado pesa za mbolea hazijakatwa. Kitabu hicho hicho kikiuzwa kwenye simu kwa shilingi 400, mtu angetarajia wenye maduka ya vitabu wafunge milango watafute biashara nyingine. Lakini Januari ikifika, wazazi wenye orodha mkononi hujipanga Kericho, Litein, Kapkatet, Sotik na Bomet, na kinachoingia kwenye mikoba yao ni karatasi.

Jibu la haraka ni kwamba watu wa huku hawajazoea teknolojia. Hilo ni jibu la mtu ambaye hajapanda matatu ya Kericho kwenda Bomet. M-Pesa ipo tangu 2007, na Julai 2020 Safaricom na Google walileta mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mtu aliweka arbuni ya shilingi 1,000 akapewa simu ya 4G, kisha akailipia shilingi 20 kwa siku. Simu zipo, na watu wanazisoma kutwa kucha. Tatizo liko kwenye bei yenyewe. Bei inayoonyeshwa kwenye skrini siyo ambayo msomaji hulipa mwishowe, na iliyobandikwa kwenye jalada siyo pia. Ukizifuata zote mbili mpaka mwaka unapokwisha, mara nyingi karatasi ndiyo hutoka nafuu.

Nchi tajiri zilianza kupiga hesabu hizi mapema. Amazon ilizindua Kindle Novemba 2007. Kifaa kiliuzwa dola 399, na vitabu vipya vyenye soko kubwa vikawekwa dola 9.99, bei ambayo kwa vingi vyao ilikuwa chini ya kile Amazon yenyewe iliwalipa wachapishaji. Mei 2011 kampuni hiyo ikatangaza kuwa inauza vitabu 105 vya Kindle kwa kila 100 vya karatasi. Wachapishaji wakubwa walikuwa tayari wameingiwa na hofu na kukubaliana na Apple mpango wa kupandisha bei; serikali ya Marekani ikawapeleka kortini Aprili 2012, na Julai 2013 Jaji Denise Cote akaamua kwamba Apple ilishiriki njama. Iliigharimu Apple dola milioni 450. Mwaka uliofuata, Amazon ilipokuwa inagombana na Hachette, ilitoa hesabu ambayo bado inanukuliwa: kitabu cha kidijitali kinachoweza kuuza nakala 100,000 kwa dola 14.99 kitauza 174,000 kikishushwa hadi 9.99, na mapato yataongezeka kwa asilimia 16. Wachapishaji hawakushawishika. Walizirejesha bei zao juu, mauzo ya kidijitali yakatulia, na leo ni karibu sehemu moja ya kumi ya mapato ya vitabu vya wasomaji wa kawaida huko Marekani.

Kwa hiyo hata pale kitabu pepe kilipozaliwa, karatasi haikufa. Lakini hesabu ya Amazon haiwezi kuhamishwa ilivyo mpaka Kericho, kwa sababu ya dola. Januari 2024 dola ilipokaribia shilingi 160, kitabu cha dola 9.99 kiligharimu kama shilingi 1,600. Tangu katikati ya mwaka huo, dola ikiwa imetulia kwenye shilingi 129 hivi, kitabu hicho hicho ni karibu 1,290. Kimepungua shilingi 300 na hakuna aliyegusa bei. Bado ni mara mbili ya riwaya iliyochapishwa Nairobi. Ukikilinganisha na kitabu cha karatasi kilicholetwa kwa meli kutoka Uingereza, basi cha simu kinashinda, maana cha meli kina nauli, kodi na faida ya watu watatu juu yake. Anayesoma vitabu vya kigeni ana sababu ya kununua vya kidijitali, hasa baada ya M-Pesa kuleta kadi yake ya Visa ya mtandaoni, GlobalPay, Juni 2022, na kuondoa kisingizio cha kutokuwa na kadi ya benki. Msomaji huyo yuko Kericho, lakini hajai matatu moja.

Kitabu cha Kenya je? Kwa nini toleo la simu halishuki hadi nusu ya bei? Mchapishaji atakuambia kwamba karatasi na wino ni sehemu tu ya gharama. Kuna uhariri, michoro, upangaji wa kurasa, mrabaha wa mwandishi ambao kwa desturi huzunguka asilimia 10, na punguzo la mwenye duka ambalo linaweza kula theluthi nzima. Ukienda mtandaoni unaokoa karatasi na lori, lakini duka la mtandaoni nalo linataka lake. Halafu kuna serikali. Sheria ya VAT ya 2013 ilivitoza vitabu asilimia 16, na wachapishaji wamekuwa wakiipigia kelele tangu siku hiyo. Katika bei ya shilingi 600 yenye kodi ndani, shilingi 83 ni za mtoza ushuru. Uingereza ilikuwa na tofauti ya ajabu kwa miaka mingi, ambapo kitabu cha karatasi hakikutozwa kitu huku cha kidijitali kikilipiwa asilimia 20, mpaka Mei 1, 2020 vyote vikawekwa sawa kwa kutotozwa. Kenya nayo imeviweka sawa, ila kwa kuvitoza.

Kuna jambo ambalo lingepaswa kukibeba kitabu pepe hapa. Kiwanda cha Pan African Paper Mills cha Webuye kilisimama 2009, na karatasi ya kuchapishia huagizwa kutoka nje kwa dola ile ile. Kila karatasi inapopanda bei, vitabu hupanda. Hoja hiyo ingetosha, kama kitabu cha karatasi kingesomwa na mtu mmoja kisha kikatupwa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Tuchukue kitabu teule cha fasihi, tuseme Bembea ya Maisha cha Timothy Arege au Fathers of Nations cha Paul B. Vitta. Mzazi anakinunua Januari kwa bei ya duka. Mtoto anakifunika kwa karatasi ya kaki, anaandika jina lake ukurasa wa kwanza, na kwa bahati mbaya anaandika maana za maneno kwa kalamu ya wino pembeni mwa kila aya. Akimaliza kidato cha nne, kitabu hicho kina wateja: mdogo wake, mtoto wa jirani, au mwenye meza ya vitabu vilivyotumika karibu na stendi, ambaye atakikagua mgongo, atahesabu kurasa zilizong'oka, na kutoa nusu ya bei au pungufu. Kikiuzwa 300 baada ya kununuliwa 600, gharama yake halisi ilikuwa 300. Toleo la simu la 400 halina mnunuzi wa pili, wala hutakuta meza ya stendi inayouza nywila. Kwa hiyo kitabu kilichotangazwa kuwa nafuu kwa theluthi moja kimekuwa ghali kwa theluthi moja. Hesabu hii haifundishwi shuleni, lakini kila mama wa Mogogosiek mwenye watoto wanne anaijua.

Tena ukinunua kitabu pepe hununui kitabu. Unanunua ruhusa ya kukisoma. Julai 2009 Amazon ilifuta nakala za 1984 cha George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokwisha kuzilipia, kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki. Pesa zilirudishwa, na bosi wa kampuni akaomba radhi. Hakuna mwenye duka wa Sotik anayeweza kuingia nyumbani kwako usiku akachukua kitabu.

Soko hili la vitabu vilivyotumika lina adui mmoja mkubwa, na adui huyo hayumo kwenye simu. Ni mabadiliko ya mtaala. Mtaala wa umilisi ulipoanza nchini kote Januari 2019, vitabu vya mfumo wa zamani wa 8-4-4 vya darasa la kwanza mpaka la tatu viligeuka karatasi za kufungia maandazi. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023, na kundi la mwisho la KCSE ya 8-4-4 litafika ukingoni 2027. Maana yake, vitabu teule vya sasa vinaelekea mwisho wa uhai wake, na mwenye meza ya stendi anazidi kuwa mgumu kila mwaka unavyosogea. Mwaka ambao kitabu cha karatasi hakiwezi kuuzwa tena ndio mwaka ambao toleo la simu lina haki ya kusema ni nafuu. Ni ajabu kwamba wachapishaji hawajalitumia dirisha hilo kushusha bei za kidijitali za vitabu vinavyokwenda kuzikwa.

Labda wanajua kwamba wasomaji wao hawana simu. Nchi hii ya chai imejaa shule za bweni: Kabianga, Tenwek, Litein, Moi Tea, Kipsigis Girls na nyingine nyingi. Mwanafunzi wa bweni haruhusiwi kuwa na simu, na akipatikana nayo anaitiwa mzazi. Basi msomaji mkuu wa vitabu katika kaunti za Kericho na Bomet, yule mwenye sababu ya kusoma na mzazi wa kumlipia, hukaa karibu miezi tisa kwa mwaka mahali ambapo kitabu pepe hakiingii langoni. Unaweza kukishusha bei mpaka shilingi 50; mlinzi wa lango hataangalia bei.

Na vitabu vya kiada vyenyewe vimetoka sokoni kwa njia nyingine. Tangu Januari 2018, chini ya mpango ulioanzishwa Fred Matiang'i alipokuwa waziri wa elimu, serikali hununua vitabu moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni, kwa bei ya chini sana kuliko ya dukani kwa vile inanunua mamilioni ya nakala kwa mkupuo. Shule ikawa na kitabu kwa kila mwanafunzi. Maduka ya miji midogo yakapoteza mteja aliyekuwa akiyaweka hai. Wenye maduka walionusurika Kapkatet au Mulot leo wanauza daftari, kalamu, jiometri, sare, vitabu teule na miongozo yake, na kutoa fotokopi. Wachapishaji nao waligundua ubaya wa kuwa na mteja mmoja: serikali imewakalia na madeni ya mabilioni ya shilingi, na Januari 2025 vitabu vya Gredi ya 9 vilichelewa kufika madarasani kwa sababu hiyo. Ukizungumzia mauzo ya vitabu Kenya bila kutaja mnunuzi huyu, unazungumzia makombo.

Serikali hiyo hiyo ilijaribu upande wa kidijitali. Kuanzia 2016, mradi wa tabuleti za shule za msingi ulisambaza zaidi ya vifaa milioni moja katika zaidi ya shule 20,000. Shule nyingi ziliweka vyuma madirishani, zikaajiri mlinzi, na vifaa vingi vikaishia kabatini. Bei ya kitabu pepe shuleni ina ndani yake bei ya kufuli.

Vuka mpaka wa Bomet uingie Trans Mara, ukutane na jaribio lililokuwa na akili zaidi. Shirika la Worldreader, lililoanzishwa na David Risher, aliyekuwa mkubwa Amazon, pamoja na Colin McElwee, lilileta Kindle katika shule ya Ntimigom, Kilgoris, mwaka 2011. Watoto ambao shule yao ilikuwa na vitabu vya kuhesabika wakapata maktaba nzima kwenye kifaa kimoja, na baadhi ya wachapishaji wa Kiafrika wakaweka kazi zao humo kwa mara ya kwanza. Lakini tathmini ya mradi dada wa Ghana ilionyesha kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa viliharibika katika kipindi cha majaribio. Kitabu cha karatasi kikianguka kwenye tope la Aprili kinapoteza jalada. Kindle ikikanyagwa, maktaba yote imekwenda. Worldreader yenyewe baadaye iligeukia simu ambazo watu tayari wanazo.

Kwa hiyo nani anasoma kidijitali katika milima hii? Nenda nje ya lango la Chuo Kikuu cha Kabianga. Saiba ndogo zimepangana, kila moja ina mashine ya fotokopi inayonguruma tangu asubuhi, na ubaoni pameandikwa bei kwa chaki: kuchapa, kurudufu, kufunga kwa waya. Mwanafunzi anakuja na PDF aliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Hakuilipia, na aliyemtumia hakuilipia pia. Kuipata kumemgharimu bando la shilingi 20 au chini ya hapo. Anachofanya ni kuirudisha kwenye karatasi.

Hesabu yake ni ya kuchekesha ukiiangalia haraka. Kitabu cha kurasa 200, kwa shilingi 3 ukurasa, ni shilingi 600, na kukifunga ni kama 100 zaidi. Angenunua cha asili kwa pesa hizo, chenye jalada lisilochanika. Lakini hachapi kitabu kizima. Mhadhiri ametaja sura ya nne. Sura ya nne ina kurasa 30. Hiyo ni shilingi 90, na mfukoni ana 150. Wiki ijayo atarudi kwa sura ya saba. Mwenye saiba anauza kitabu kwa sura, kama vile dukani mafuta ya kupikia yanavyopimwa ya shilingi 20, wakati duka la mtandaoni linang'ang'ania kuuza mtungi mzima. Uharamia upo hapo, na sheria ya hakimiliki iko wazi, lakini ni muhimu kuona kwamba mteja huyo hakukataa kulipa. Amelipa shilingi 90. Zimeenda kwa mwenye mashine, na mwandishi hakupata hata senti.

Kuna Mkenya aliyeliona hili zamani. Tonee Ndung'u alianzisha Kytabu, programu iliyokusudiwa kumkodishia mwanafunzi kitabu cha kiada kwa ukurasa, kwa sura au kwa kitabu kizima, kwa saa, kwa siku au kwa muhula, akilipa kwa M-Pesa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, na wazo hilo lilimwelewa mteja wa Kenya kuliko duka lolote la kidijitali la kigeni. Halikuja kuwa desturi. Simu za wakati ule zilikuwa dhaifu, na miaka michache baadaye serikali ikaanza kugawa vitabu vya kiada bure, jambo ambalo lingeua biashara yoyote ya kukodisha. Leo, simu zikiwa bora na wanafunzi wa vyuo wakiwa hawagawiwi kitu, wazo lile lingestahili kujaribiwa upya. Eneo la kulijaribia ni vyuo: Kabianga, na kile Chuo Kikuu Kishiriki cha Bomet kilichoanza 2017. Maktaba za vyuo zenyewe hununua vitabu na majarida ya kidijitali kwa pamoja kupitia muungano wao wa KLISC, lakini mwanafunzi huyaona kama kitu cha maktaba, kama meza na viti, na hajui yaliuzwa bei gani.

Kitabu pepe kinachouzwa kwelikweli Kericho na Bomet hakina jalada wala mwandishi anayejulikana. Ni maazimio ya kazi. Kila muhula mwalimu anatakiwa awe na maazimio, maandalio ya masomo na rekodi nyingine, na mfumo wa TSC wa kutathmini walimu, TPAD, unamdai azionyeshe. Kuyaandika kwa mkono ni kazi ya wiki. Kuyanunua ni kazi ya dakika moja: unatuma shilingi 100 au 200 kwa M-Pesa, faili inaingia kwenye WhatsApp, unabadilisha jina la shule na tarehe, unachapisha. Ndivyo inavyouzwa pia mitihani ya moku, majibu yake, na miongozo ya vitabu teule iliyoandikwa na walimu wenyewe. Biashara hii haihesabiwi katika ripoti yoyote ya wachapishaji, nayo inatimiza kila sharti ambalo kitabu pepe rasmi kimeshindwa kulitimiza. Bei yake inalingana na pesa iliyoko kwenye simu saa hiyo. Bidhaa inafika papo hapo, inafunguka bila nywila, inachapika, na inahitajika tena muhula ujao. Mwenye gazeti la biashara angeiita soko linalokua. Afisa wa elimu angeiita aibu. Yote mawili ni kweli.

Upande mwingine wa bei ni bure. Biblia ya Kikalenjin inasomwa kwenye simu bila malipo, na Jumapili katika makanisa ya Africa Gospel Church utaona nusu ya safu wakifuata mstari kwenye skrini. Hilo halikuua Biblia ya karatasi. Bado inanunuliwa, inapewa maharusi, inawekwa mezani sebuleni, jina na tarehe zikiandikwa ndani. Mtu mmoja anazo zote mbili, na hajawahi kuona kuwa moja imechukua nafasi ya nyingine: ya simu ni ya kutafutia mstari haraka, ya karatasi ni mali ya nyumba.

Sherehe, kwa kweli, ni jambo ambalo wachambuzi wa bei husahau. Mwandishi wa huku anayejichapishia kitabu chake huenda Nairobi, analipia nakala mia mbili au tatu, na kurudi nazo kwenye buti ya gari. Haziuzi dukani. Anaandaa uzinduzi, anaalika mwalimu wake wa zamani, askofu na mheshimiwa. Mheshimiwa ananunua nakala ya kwanza kwa maelfu ya shilingi mbele ya watu, wengine wanafuata kwa bei ya jalada, na kabla chai haijapoa gharama ya uchapishaji imerudi. Ujaribu kuzindua PDF! Mgeni wa heshima atashika nini cha kupigwa picha nacho?

Wakati wa uzinduzi nao una maana. Pesa ya chai ina msimu: bonasi ni Oktoba, vitabu vya shule ni Januari, na katikati kuna Krismasi. Mwandishi mwenye busara huuza Oktoba. Bonasi ikianguka, kama ilivyolalamikiwa na wakulima wa Kericho na Bomet mwaka 2025, kitabu ni cha kwanza kukatwa kwenye orodha ya nyumba, kiwe cha karatasi au cha simu.

Mwandishi huyo huyo akiamua kuweka kazi yake Amazon, anakutana na sharti lisilotajwa sana. Kitabu chenye bei kati ya dola 2.99 na 9.99 humpa mwandishi asilimia 70 mnunuzi akiwa Marekani, Uingereza au nchi nyingine zilizoorodheshwa. Kenya haimo. Mnunuzi akiwa Kericho, mwandishi anapata asilimia 35. Kitabu cha dola 9.99 kikinunuliwa na Mkipsigis anayeishi Minnesota kinaleta karibu shilingi 900, na kikinunuliwa na shangazi yake wa Kapsoit kinaleta 450, ingawa shangazi amelipa sawasawa na mpwa wake.

Ndiyo maana tumaini la kweli la kitabu pepe katika nchi hii liko kwa vitabu vilivyokwisha kutoweka rafuni, na kwa wasomaji walio mbali. Ian Orchardson aliishi miongoni mwa Wakipsigis, anatajwa miongoni mwa waliotangulia kupanda chai Kericho, na maandishi yake, The Kipsigis, yalitolewa 1961 na East African Literature Bureau. Taaitta Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu aliyeongoza mkutano mkuu wa UNESCO uliofanyika Nairobi 1976, alitoa historia simulizi ya Wakipsigis 1979 kupitia Kenya Literature Bureau, shirika lililorithi lile la kwanza. Huwezi kuingia dukani Kericho ukavikuta kwa urahisi vitabu hivi viwili, na hakuna mchapishaji atakayeagiza karatasi kwa dola ili auze nakala mia moja kwa mwaka. Kwenye simu, nakala mia moja zikinunuliwa na walio ng'ambo kwa dola 9.99 zingeleta karibu shilingi 90,000 kila mwaka. Kazi iliyobaki ni ya mikono: kupata nakala nzima isiyong'oka kurasa, kuipiga picha, kusahihisha maneno ya Kikalenjin ambayo mashine ya kusoma maandishi huyavuruga, na kukaa na shirika pamoja na warithi kukubaliana nani alipwe nini.